Kishale Kimoja

Mzee Nyagawa alisema "Nakiona" kabla hajageuza hata shingo, na Atuganile, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya ukuta wa skrini akikaza waya, akaiacha bisibisi ianguke.

Hakuna mwingine aliyeshtuka. Katika Chumba cha Malango, Makambako, neno hilo lilikuwa limezoeleka kama marahaba. Anayemaliza zamu husema, "Kishale ni chako." Anayepokea huitikia, "Nakiona." Mmoja anainuka, mwingine anakaa, na maji ya miji mitatu yanabaki chini ya kidole kipya. Waliotunga utaratibu huo walitaka mpokeaji akitafute kishale kwa macho yake mawili katika skrini zote kumi na mbili, akipate, ndipo atamke. Lakini neno lolote ukilisema kila siku ya Mungu hugeuka kuwa adabu tu. Nani humtazama usoni mtu anayeitikia shikamoo yake?

Atuganile alimtazama. Kupitia mwanya kati ya skrini mbili aliyaona macho ya mzee yakiwa kwenye birika la chai. Kishale kilikuwa mbali, kushoto kabisa, kwenye skrini ya Lango la Tisa. Skrini hiyo ilikuwa ndogo kuliko wenzake, na ilitundikwa kushoto, kabla ya ile ya kwanza, kwa sababu iliongezwa baadaye na upande wa kulia tayari palikuwa na dirisha. Kishale kikivuka kuingia humo kiliruka juu kiasi cha kiganja, na ukikifuata kwa mstari ulionyooka hukikuti. Wafanyakazi waliiita Ukweni, maana kishale kikifika huko hukaa kimya kwa heshima, hukisikii wala hukioni.

Mzee alishika kipanya, akakitikisa huku na huku, akatikisa tena. Kishale kikavimba kwa kutikiswa, kama kilivyoundwa kufanya, hatimaye akakiona, akakivuta hadi katikati ya ukuta. Kisha akapiga funda la chai.

"Kumbe ndivyo," Atuganile alijisemea. "Ndivyo alivyomfanyia mdogo wangu."

Alikuwa ameingia kituoni kwa jina la mumewe, Mhandisi Mlowe, mtaalamu wa vifaa vipya. Hakuna aliyemuuliza amezaliwa kwa nani. Angewaambia ni binti wa Mwambene, hata mfagizi angenyamaza, kwa sababu jina la Ipyana Mwambene lilisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni, mwaka ule Lango la Tisa lilipofunguka likiwa na watu chini yake.

Zamani mashine zenyewe ndizo zilizokuwa zikifungua na kufunga. Kisha yakaja mafuriko ya Usangu, na walipotafuta wa kumshtaki hawakumpata. Kila mtu alionyesha mashine, na mashine haikuonyesha mtu. Ndipo ikatungwa Sheria ya Kishale Kimoja. Mashine ipime, ishauri, ipige kengele itakavyo, lakini lango la maji lifunguliwe na mkono wa binadamu, kwa kishale kimoja tu kinachotembea katika skrini zote, na kila mbofyo ubebe jina la mtu mmoja. Watu walishangilia. Hatimaye pamepatikana wa kushikwa shati.

Lakini sheria ilikuwa na tundu. Jina la anayekabidhi lilibaki kwenye kishale mpaka mpokeaji abofye kitufe cha kuthibitisha. Siku ile Ipyana alikuwa amefunga Lango la Tisa ili wakwangua tope washuke handakini. Kitufe cha kufunga, kikishafunga, chenyewe hugeuka kuwa kitufe cha kufungua, na kishale hubaki palepale juu yake. Akasema, "Kishale ni chako, mzee." Nyagawa akasema, "Nakiona." Ipyana akainuka. Mzee akakitikisa kipanya kukitafuta kishale, kidole kikabonyeza, na watu wanne wakachukuliwa na maji. Mbofyo ulikuwa na jina la Ipyana.

Mahakamani Mzee Nyagawa alisimama kwa suti yake ya kaki, akasema kwa sauti ya upole, "Mimi nilisema nakiona. Kama ningekuwa sijakiona, kijana si angeniambia?"

Na Ipyana, mjinga wa adabu, hakufungua mdomo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Ipyana alilisikia la mkuu, akavunjika yote mawili.

*

Pete aliibuni Atuganile katika miaka ile ya kwenda gerezani kumpelekea mdogo wake sabuni na sukari. Wazo lenyewe lilikuwa dogo. Ndani ya pete mlikuwa na gurudumu mfano wa punje ya mtama. Kamera za ukutani zilisoma macho ya mvaaji yanatazama wapi, zikalinganisha na mahali kilipo kishale, kisha gurudumu likavuta ngozi ya kidole kuelekea huko. Kishale kikiwa kulia, unavutwa kulia. Kikiwa Ukweni, unavutwa kushoto na juu. Ukikitazama chenyewe, pete inatulia. Alikula kiapo kwamba pete yake haitadanganya mtu kamwe, maana alikuwa ameshaona uongo wa kishale unavyokula familia.

Chumba kizima kiliipenda. Sekela Mwaipaja, mwendeshaji wa zamu ya asubuhi, mwanamke mcheshi mwenye watoto mapacha, alimshika mkono. "Mhandisi, umeniponya shingo! Nilikuwa nakitafuta kile kidudu kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa."

Mzee Nyagawa peke yake ndiye aliyekataa. "Pete nilivaa moja tu, ya ndoa," alisema, na chumba kikacheka. "Mimi nilikuwa nakiona kishale wakati baadhi yenu mnanyonya." Wakacheka tena. Walimpenda, na hilo ndilo lililomchoma Atuganile zaidi ya yote. Angekuwa mkali, mlevi, mla rushwa, kumchukia kungekuwa kazi nyepesi. Lakini alikuwa mtu wa kuleta karanga za kutafuna zamu nzima, wa kuuliza hali za watoto kwa majina yao.

Mchana mmoja akabisha hodi kwenye karakana ya Atuganile.

"Hodi humu."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea viazi, vya shambani kwangu." Akaweka mezani bakuli lililofungwa kitambaa, kisha akaurudisha mlango taratibu mpaka ukajifunga. "Nina neno. Ila liishie humu."

"Litaishia humu."

Alijisugua magoti. "Jicho la kushoto limezima. La kulia lina ukungu. Vitufe naviona, sura za watu naziona, lakini kishale... kukitafuta kishale ni kama kutafuta unywele kwenye maziwa. Nakitikisa mpaka kivimbe, ndiyo nakiona."

"Tangu lini, mzee?"

"Limeanza zamani."

"Zamani kabla ya ile ajali ya Lango la Tisa?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Usinichimbe, mama. Nimekuja kukuomba pete. Nitaifunga plasta juu, niseme nimejikata na kisu. Asijue mtu."

"Kwa nini usiwaambie tu? Wakupumzishe kwa heshima zako."

"Nikitoka humu mimi nitakuwa nani?" Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka jibu. "Kijijini kwetu watoto wanaponiona wanasema, yule ndiye mwenye maji. Nikirudi nikiwa kipofu nitakuwa mzee wa kuongozwa chooni. Nisaidie, mwanangu. Nimalize vizuri."

Kisha akamnyooshea kidole, kama mtoto anayetolewa mwiba.

Atuganile alikishika kidole kile. Kilikuwa cha moto, na ngozi yake ilikuwa laini kwa miaka ya kazi ya kubofya. Hiki ndicho, aliwaza. Hiki hapa, nimekishika mkononi mwangu. Alitamani akikunje kwa nyuma mpaka kilie. Ipyana alitoka gerezani na mvi, mchumba wake ameshaolewa, na ndugu wa marehemu wanavuka barabara wasimsalimie. Huyu anaomba amalize vizuri!

"Tulia nikupime, mzee," alisema kwa upole uliomshangaza yeye mwenyewe.

Mzee alipoondoka, alifungua kwenye kompyuta maelekezo ya pete mpya. Ilikuwa kazi ya mstari mmoja tu. Aliiambia pete ya Mzee Nyagawa ifanye kazi yake kwa uaminifu kila siku, isipokuwa siku atakayoamua yeye. Siku hiyo, mzee akikitazama kitufe kikubwa cha Thibitisha katikati ya ukuta, kile ambacho mpokeaji hukibofya ili kishale kichukue jina lake, pete itatulia. Itatulia hata kama kishale kiko Ukweni. Mzee ataamini kwamba kishale kiko pale anapotazama, naye atabofya.

Viazi hakuwa amevigusa. Alipomaliza kuandika mstari ule alifungua kitambaa, akala vyote, kimoja baada ya kingine, kwa chumvi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

*

Siku yenyewe ilichaguliwa na Mamlaka ya Mfereji bila kujua. Wakubwa walikuwa wanakuja kuziona pete na kumuaga Mzee Nyagawa, anayestaafu mwisho wa mwezi. Zamu ingekabidhiwa mbele yao, saa nne asubuhi. Sekela atafunga Lango la Tisa, atamkabidhi mzee kishale, mzee atakipokea kwa mara ya mwisho, na watu watapiga makofi.

Atuganile alikuwa ameipanga hesabu yake mpaka ikanyooka. Wakwangua tope wangeshuka mchana, baada ya wageni kuondoka. Kwa hiyo handaki litakuwa tupu. Mzee atabofya, lango litafunguka, maji yatanguruma, ukuta utakuwa mwekundu, na jina litakalowaka juu yake litakuwa la Sekela Mwaipaja, aliyesimama hatua tatu kutoka kwenye kipanya, mikono mitupu. Hapo ndipo yeye Atuganile atakaposema, tazameni mkono wa nani uko juu ya kipanya, na jina la nani liko ukutani. Hivi ndivyo mlivyomfunga Ipyana Mwambene. Wataona kwa macho yao, na yule mzee atavuliwa nguo mbele ya watu wanaompenda.

Sekela hakuulizwa. Chambo huwa hakiulizwi.

Asubuhi hiyo mzee alikuja na suti ya kaki, ileile, na plasta kwenye kidole. "Kisu cha jikoni," aliwaambia wenzake, nao wakampa pole. Alipopita karibu na Atuganile akambana kiganja kidogo, kwa siri, kama wanaokula njama pamoja. Wageni waliingia wakiongozwa na mkurugenzi, mama mmoja mrefu, mwenye kilemba cha kitenge, aliyeuliza maswali ya maana na kusikiliza majibu. Chai ikanywewa. Hotuba ikasomwa, na ndani yake mzee akaitwa nguzo.

"Haya, binti," mzee alimwambia Sekela. "Tufanye kazi iliyotuleta."

Sekela alikivusha kishale hadi Ukweni, akabofya. Lango la Tisa likashuka, na kitufe kikageuka rangi, kikaandika FUNGUA. Kishale kilikuwa juu yake, cheupe na chembamba. Atuganile alisimama nyuma ya wageni, ubavuni kwa skrini ya kwanza. Alikuwa anaona kila kitu.

Kisha kwenye ramani ya handaki, chini ya kile kitufe, vikaanza kutokea vidoti vya manjano. Kimoja. Viwili. Kundi.

Vilikuwa kofia. Kila mkwangua tope alivaa kofia yenye kifaa cha kuonyesha alipo, sheria iliyokuja baada ya wale wanne. Redio ya mezani ikakoroma, na sauti ya Mgaya, msimamizi wao, ikasikika ikiwa na haraka, "Makambako, tumeingia la tisa mapema. Tuna msiba Wanging'ombe, vijana wanataka kuwahi kuzika."

"Sawa, Mgaya," Sekela alijibu bila wasiwasi, maana lango lilikuwa limefungwa, na watu kuwa chini ya lango lililofungwa ni jambo la kawaida. Akainuka kitini. "Kishale ni chako, mzee."

"Nakiona," alisema Mzee Nyagawa.

Aliketi. Akaweka mkono juu ya kipanya. Uso wake ukaelekea katikati ya ukuta, kwenye kitufe kikubwa cha Thibitisha, na Atuganile akaona mabega yake yakilegea kwa faraja. Pete ilikuwa imetulia. Mzee alitabasamu. "Binti huyu ana adabu," aliwaambia wageni. "Kanisogezea kishale mpaka mlangoni." Wageni wakacheka, na Sekela, ambaye hakuwa amesogeza kitu, alidhani ni utani, akacheka nao.

Sema, Atuganile alijiambia. Sema sasa.

Hakusema. Si kwamba aliganda, si kwamba sauti ilimkauka. Hayo ni maneno ya watu wanaotafuta huruma. Alikuwa anayo sauti. Alikuwa anaziona kofia, zinasogea polepole upande wa tope, na aliijua kila moja kuwa ina kichwa ndani yake. Lakini alikuwa anaiona pia shingo ya Mzee Nyagawa, iliyonyolewa vizuri kwa ajili ya sherehe, na aliingoja siku hii kwa miaka mingi mno. Acha abonyeze, sauti moja ilisema ndani yake, na ilikuwa sauti yake mwenyewe. Acha naye abebe watu. Acha ajue uzito wao. Wakati huo, na asidanganye mtu, kisasi kilikuwa kitamu.

Kidole chenye plasta kikainuka kidogo, kama kinavyoinuka kidole kabla ya kushuka.

Ndipo akamtazama Sekela. Alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma, akingoja jina lake liondoke kwenye kona ya ukuta ili aende nyumbani kwa mapacha wake. Alisimama vilevile alivyosimama Ipyana. Hata mguu mmoja alikuwa ameulegeza.

"Mzee," Atuganile alisema. "Kipo wapi?"

Katika historia ya chumba kile hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Ni kama kumuuliza baba mkwe kama amenawa mikono.

"Nini, mwanangu?"

"Kishale. Umesema unakiona. Tuonyeshe kilipo."

Mmoja wa wageni aliguna kwa kuona aibu. Mzee Nyagawa, bado akitabasamu, aliuondoa mkono juu ya kipanya, akanyoosha kidole kuelekea katikati ya ukuta. "Si hiki hapa."

Wote walitazama. Palikuwa na kitufe cha Thibitisha, kikubwa, cha kijani, na juu yake hapakuwa na kitu. Macho yakaanza kuhangaika kwenye ukuta, ya mkurugenzi, ya wageni, ya waendeshaji, kila mtu akikitafuta kishale. Sekela ndiye aliyefika wa kwanza. "Ukweni!" alipiga kelele. "Mzee, usiguse! Usiguse kitu, watu wako chini!"

Mzee aliurudisha mkono kifuani kama aliyeshika sufuria la moto. Sekela akaruka, akakishika kipanya, akakivuta kishale mpaka katikati, na alipokifikisha akaanza kulia palepale alipo, machozi yakidondoka mezani.

Kisha Mzee Nyagawa akavua miwani yake, ambayo haikuwa na kazi, akaiweka mezani.

"Sikioni," alisema. "Sijakiona siku nyingi. Hata siku ile sikukiona. Nilisema tu. Nikatikisa, nikabonyeza. Kijana wa Mwambene hakugusa kitu. Niliulizwa mahakamani, nikageuza maneno."

Mkurugenzi alikuwa amesogea mbele. "Lakini mzee, hicho kidoleni si pete? Naiona chini ya plasta. Kwa nini haikukuonyesha?"

Mzee alibandua plasta taratibu. Aliitazama pete kwa jicho lake la ukungu, akaigeuza, kisha akageuza uso kutafuta sauti iliyomuuliza kilipo kishale. Hakuwa mjinga. Miaka yote ile alikuwa akiishi kwa kukisia, na sasa alikisia.

"Wewe ni nani, mwanangu?" aliuliza.

"Mimi ni Atuganile Mwambene," alisema. "Ipyana ni mdogo wangu, tumbo moja."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu anayepokea taarifa ya msiba aliokuwa akiutarajia. Chumba kizima kilikuwa kinangoja. Neno moja tu kutoka kinywani mwake, pete imenidanganya, na Atuganile angetoka pale kwa pingu.

"Pete haina kosa," Mzee Nyagawa alimwambia mkurugenzi. "Ni macho yangu. Kosa lote ni langu."

Hapo Atuganile alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia. Alikuwa amekuja kumnyang'anya mzee yule heshima, na mzee amekaa palepale kitini, ameivua mwenyewe, akambakishia yeye uongo auvae. Alifungua mdomo aseme, pete ina kosa, nimeiharibu mimi. Mkurugenzi alikuwa anamtazama. Sekela alikuwa anamtazama kwa macho yenye machozi na shukrani.

Akaufunga mdomo.

*

Jumamosi alifika Tukuyu. Mvua ilikuwa imepita, na Ipyana alikuwa nyuma ya nyumba ya mama yao, amekaa kwenye gogo, ananoa kisu cha kupogolea chai. Nyumba ile haikuwa na skrini hata moja. Hata simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kizamani.

"Ndaga, dada," alimsalimia kwa lugha ya kwao. "Umekuja bila taarifa."

"Habari hii haipigwi simu." Alisimama mbele yake, akashindwa kukaa kwa furaha aliyoibeba njia nzima. "Amesema, Ipyana. Mbele ya wakubwa. Amesema hakukiona, amesema wewe hukugusa kitu. Kesi inafunguliwa upya. Watalisafisha jina lako redioni, asubuhi, mchana na jioni!"

Alingoja aruke, alie, amkumbatie. Ipyana alipitisha kisu juu ya jiwe.

"Imekuwaje mpaka akasema?"

Basi akamsimulia. Alimsimulia kuhusu viazi na plasta, kuhusu mstari mmoja alioandika, kuhusu kidole kilichoinuka, na aliposimulia alijiona tena shujaa kidogo. Ipyana alisikiliza bila kumkatisha.

"Nilijua," alisema mwishowe.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hajakiona. Nilikuwa nimesimama karibu naye, kama nilivyo karibu nawe. Macho yake yalikuwa kwenye chai. Nikawaza, mimi ni nani nimwambie mzee wa chumba hujakiona? Nikanyamaza. Ndiyo maana hata mahakamani nilinyamaza, dada. Wewe ulidhani ni adabu. Wale wanne mimi nilikuwa ninao mikononi tangu siku ile."

Kuku alipita kati yao, akadonoa kitu.

"Hiyo pete," Ipyana aliendelea. "Wamejua?"

"Hawajajua."

"Kosa kabeba nani?"

"Yeye."

"Na kofia za wale vijana wa msibani. Uliziona kabla hujauliza, au baada?"

Alimuuliza bila ukali, akiwa bado anatazama makali ya kisu. Angeweza kumdanganya. Hakuna kamera iliyokuwa inasoma macho yake pale nyuma ya nyumba, na waliokuwa handakini walitoka salama, walizika, walirudi kazini. Nani angebisha?

"Kabla," alisema. "Niliziona, nikakaa nazo kidogo."

Ipyana aliweka kisu chini. Alimtazama dada yake usoni, sawasawa, mpaka alipohakikisha amemwona.

"Yeye alinyamaza, mimi nikanyamaza, na wewe umenyamaza," alisema. "Basi sasa tuko watatu."

Kisha akasogea kwenye gogo, akampa nafasi akae.